Supu Ambayo Haikupikwa: Kisa cha Bwawa la Crofton

Dada mtu aliugua. Kaka yake, mkazi wa jimbo la Maryland nchini Marekani, akaagiza samaki wawili hai, aina ya kichwa-nyoka, kutoka soko la New York ili ampikie supu. Samaki wenyewe ni wa jamii ambayo China na sehemu kubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki huaminika kwamba supu yake humrudishia mgonjwa nguvu na kufunga vidonda, kama vile Wachaga wanavyompelekea mzazi mtori. Samaki walipofika, dada alikuwa ameshapona. Supu ikakosa mnywaji.

Kaka hakuwachinja. Aliwatia kwenye tangi la kioo nyumbani akaanza kuwalisha. Wakala, wakakua, na kwa maelezo aliyokuja kuyatoa baadaye walifikia kumaliza dazeni ya samaki wadogo wa dhahabu kwa siku. Mwaka 2000 akachoka. Akawabeba hadi kwenye bwawa moja lililoko nyuma ya maduka katika mji wa Crofton, akawamwaga, akarudi nyumbani.

Hapo ndipo kisa kingeishia kama samaki wale wangekuwa aina nyingine, au wangekuwa wa jinsia moja.

Samaki mwenyewe

Kichwa-nyoka wa kaskazini, ambaye wanasayansi humwita Channa argus, asili yake ni China, Korea na bonde la mto Amur upande wa Urusi. Ukimwona mara ya kwanza unaweza kudhani ni kambale aliyevishwa magamba. Mwili mrefu wa mviringo, pezi la mgongo linaloanzia karibu na kisogo na kushuka hadi jirani na mkia, madoa ya kahawia yaliyokolea kama ya chatu, kichwa bapa, na mdomo uliopasuka hadi nyuma ya jicho ukiwa umejaa meno. Sharubu hana. Lakini kama kambale wetu, huyu naye anavuta hewa. Mbali na matamvua, ana vyumba vidogo nyuma ya kichwa vinavyomwezesha kuibuka na kumeza hewa, na ngozi yake ikibaki na unyevu anaweza kukaa nje ya maji hadi siku nne. Aliyewahi kununua kambale hai sokoni asubuhi, akamkuta jioni bado anapiga mkia kwenye karai jikoni, hahitaji maelezo zaidi.

Kinachomtofautisha na samaki wengine wanaotupwa na wafugaji wa majumbani ni baridi. Samaki wengi wa mapambo wanatoka nchi za joto. Ukimtupa mmoja kwenye bwawa la Maryland mwezi wa saba, Desemba haimwachi hai. Kichwa-nyoka wa kaskazini hukaa chini ya barafu akisubiri majira yapite. Maji ya Crofton kwake hayakuwa ugenini.

Na ni mzazi hodari. Jike hutaga mayai kwa makumi ya maelfu, mayai yanaelea juu ya maji kwenye kiota kilichosafishwa katikati ya majani, na wazazi wote wawili, baba na mama, huyalinda hayo mayai na kisha vifaranga. Samaki wengi huacha mayai yao kwa kudra. Hawa hulea.

Ndoo yangu mwenyewe

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu nimewahi kuwa upande ule wa kioo. Miaka kadhaa iliyopita, Dar es Salaam, nilinunua yule samaki mweusi anayejibandika kwenye kioo akila ukoga. Alikuwa na urefu wa kidole changu cha kati. Muuzaji aliniapia: "Huyu hakui, kaka. Saizi yake ndiyo hiyo." Baada ya mwaka na nusu alikuwa anakaribia kiganja hadi kiwiko, anang'oa mimea, anachafua maji mara mbili ya anavyoyasafisha, na akigeuka usiku kioo kinagonga kama mtu anabisha hodi. Nikamrudisha dukani kwenye ndoo yenye mfuniko. Jibu likawa: "Sisi tunauza, hatununui." Hata bure hakumtaka.

Mwanangu akasema, "Baba, si tumpeleke mtoni akawe huru?"

Nakiri kwamba wazo hilo lilinipendeza. Kumpiga rungu samaki niliyemlea, sikuweza. Kumwacha afe kwenye ndoo, sikuweza. Mto ulikuwa umbali wa dakika kumi kwa bodaboda. Tulikuwa tumeshavaa viatu. Aliyeniokoa ni fundi wa matangi aliyekuwa na tangi la plastiki la lita elfu mbili nyuma ya nyumba yake. Akamchukua bila hata kuuliza bei. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ndugu za samaki yule, waliotupwa hivyohivyo huko Florida na Mexico, sasa wanachimba mashimo kwenye kingo za mito na mabwawa hadi udongo unamomonyoka.

Kwa hiyo nikisoma habari za mtu wa Crofton simwoni kama mhalifu. Namwona mtu aliyesimama mbele ya tangi jioni moja akiwa na samaki wawili asioweza kuwalisha, wala kuwaua, na hana pa kuwapeleka. Huruma aliyokuwa nayo ndiyo iliyompeleka bwawani.

Mei hadi Julai 2002

Tarehe 18 Mei 2002 mtu aliyekuwa akivua kwa ndoano kwenye bwawa lile alivuta samaki asiyemfahamu, mwenye urefu wa sentimita 46 hivi. Akampiga picha. Kisha akafanya anachofundishwa mvuvi muungwana kuhusu samaki asiyemjua: akamrudisha majini. Samaki yuleyule, au mwanawe, ameachiliwa mara ya pili, na mara hii tena kwa nia njema.

Picha ile ikafika Idara ya Maliasili ya Maryland na kuzungushwa kwa wataalamu mpaka jina likapatikana. Mwishoni mwa Juni mvuvi mwingine akamnasa mkubwa zaidi, sentimita 66, na huyo hakumwachia. Bado ungeweza kujifariji kwamba ni mzee mmoja mpweke. Mapema Julai wakavuliwa vifaranga, na ubishi ukaisha hapo. Walikuwa wanazaliana.

Bwawa lenyewe ni dogo, kama hekta moja na nusu, na pembeni yake kulikuwa na vidimbwi viwili vingine. Ukilitazama ungesema ni maji ya kufugia bata. Shida ni kilichokuwa ng'ambo ya ukingo: mto Little Patuxent, ambao maji yake huishia ghuba ya Chesapeake, upo takriban mita 70 tu kutoka pale.

Magazeti na televisheni yakavamia. Samaki akapewa jina la zimwi, fulana zikachapishwa, na Marekani nzima ikaambiwa kwamba kuna samaki anayetembea nchi kavu anaelekea mtoni. Kutembea huko kulitiwa chumvi nyingi. Kichwa-nyoka wa kaskazini aliyekomaa ana mwili wa mviringo usiofaa kujikokota mbali. Hujinyonganyonga tu kwenye tope. Tena hakuhitaji miguu. Mvua moja kubwa ya kufurisha bwawa ingemsafirisha mita 70 bila yeye kujisumbua.

Idara ikabandika bango kando ya bwawa, lenye picha ya samaki na maelekezo ambayo wavuvi wa Marekani hawakuzoea kuyaona: ukimpata usimrudishe majini, muue, na utoe taarifa. Walilazimika hata kueleza kwamba auawe kwa kukatwa, kwa sababu kumwacha nyasini tu akauke isingetosha. Nalipenda bango hili kuliko mambo mengine yote yaliyofanyika mwaka ule. Liliandikwa kwa mtu aliyeshika ndoano, likamwambia mikono yake ifanye nini dakika ileile.

Mtu anapatikana, na haadhibiwi

Wachunguzi walimfikia yule bwana, naye hakuficha kitu. Alieleza habari za dada yake, supu, tangi na bwawa. Kumwachia samaki yule lilikuwa kosa kwa sheria za jimbo, lakini muda wa kufungua shtaka ulikuwa miaka miwili, na ulishapita. Hakushtakiwa. Idara haikulitangaza jina lake.

Wapo waliokasirika. Mimi nadhani hii ndiyo bahati kubwa kuliko zote katika kisa chote, na haisemwi vya kutosha. Fikiria wataalamu walikuwa wanahitaji kujua nini. Samaki walikuwa wangapi mwanzo? Waliingia lini? Kuna mtu mwingine aliyewatia kwenye mabwawa ya jirani? Bila majibu hayo ungeweza kulitibu bwawa moja, ukapumua, kumbe chanzo kipo mahali pengine. Maneno ya mtu mmoja yaliwapa majibu: wawili, mwaka 2000, hapa hapa. Hesabu ikaanza kueleweka. Jozi moja, misimu miwili ya kuzaa, bwawa moja lililofungwa. Hili lilikuwa tatizo la ukubwa unaoweza kumalizwa.

Laiti angetishwa kwa jela na jina lake kuanikwa, angesema? Sidhani. Mimi nisingesema.

Utupa wa kisasa

Katibu wa Idara aliunda jopo la wanasayansi chini ya Don Boesch wa Chuo Kikuu cha Maryland. Kulikausha bwawa kunaonekana ni jambo jepesi, lakini maji yake yangeelekea wapi kama si mtoni, na samaki anayevuta hewa ana subira ndefu kwenye tope. Nyavu zinawakosa vifaranga. Jopo likashauri sumu.

Mabwawa yalikuwa mali ya watu binafsi, kwa hiyo ridhaa yao ilibidi itafutwe, na majira ya joto yakazidi kuyeyuka. Tarehe 18 Agosti ikapigwa kwanza dawa ya kuua magugu, kusudi majani yaliyokuwa maficho yaondoke na kuoza kwake kupunguze oksijeni majini. Tarehe 4 Septemba ikamwagwa rotenoni.

Wazee wa vijiji vya kandokando ya mito yetu wangeielewa kazi ile bila mkalimani. Rotenoni hutolewa kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde, na sumu za ukoo huohuo zimo kwenye majani ya utupa, mmea ambao watu wa Afrika Mashariki na Kongo wameutwanga tangu enzi na kuumwaga kwenye dimbwi ili samaki waelee matumbo juu. Siku hizi ukikamatwa nao mtoni una kesi. Maryland waliitumia rotenoni ikiwa imesafishwa kiwandani na kupimwa kwa vipimo, ila mantiki ni ileile ya babu na kinu chake.

Swali la haki la msomaji ni hili: samaki anayevuta hewa si angeibuka tu juu akajiokoa? Hapana. Rotenoni haizibi matamvua. Inaingia hadi ndani ya chembe hai na kukata pale ambapo oksijeni hugeuzwa kuwa nguvu. Kichwa-nyoka angeweza kumeza hewa mdomo wazi kutwa nzima. Hewa ingeingia na mwili usingeweza kuitumia. Ujanja wake wote wa kuishi nje ya maji ulikuwa hauna maana mbele ya utupa.

Siku zilizofuata wakaokotwa wakubwa wachache na wadogo zaidi ya elfu moja. Pamoja nao wakafa samaki wengine wote waliokuwa wakiishi mle tangu kabla ya supu. Sumu haichagui, na walioimwaga walilijua hilo. Bwawa zima liliuawa ili kummaliza mgeni mmoja. Hakuna kichwa-nyoka aliyeonekana kwenye Little Patuxent kutokana na bwawa lile. Ukiipima kwa bwawa peke yake, kazi ilifanikiwa, na ilifanyika ndani ya miezi minne tangu picha ya kwanza. Serikali chache duniani zinaweza kujisifia mwendo huo.

Sheria inakuja na wavu mpana

Julai hiyohiyo, kabla sumu haijamwagwa, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani, Gale Norton, alitangaza pendekezo la kuzuia vichwa-nyoka kuingizwa nchini. (Wizara hiyo kule haihusiki na polisi, ndiyo yenye mbuga na wanyamapori.) Oktoba 2002 likawa sheria. Halikumgusa Channa argus peke yake. Liliifunga familia nzima, spishi 28 zilizokuwa zikitambuliwa wakati ule, wakiwemo wale wa Afrika wa jenasi Parachanna wanaovuliwa na kuliwa Kongo.

Wafugaji wa samaki wa mapambo walilalamika, na hoja yao ilikuwa na uzito. Ndani ya familia ile wamo wadogo wa urefu wa kiganja, wenye rangi za kupendeza, kutoka vijito vya India na Sri Lanka, ambao baridi ya Maryland ingewaua wiki ya kwanza. Watu walikuwa wamewafuga kwa miaka bila madhara. Kwa nini walipie dhambi ya samaki wa supu?

Nimelipima hili mara nyingi na ninabaki katikati, nikiegemea kidogo upande wa serikali. Ofisa wa forodha anayefungua boksi la mifuko ya plastiki yenye vifaranga hana njia ya kutofautisha spishi moja na nyingine, na sheria inayomtaka atofautishe ni ya karatasini. Isitoshe, madukani alikuwa anauzwa kichwa-nyoka mkubwa, Channa micropeltes. Akiwa na urefu wa kidole ana mistari myekundu ya kuvutia watoto. Akikomaa anapita mita moja. Ni yuleyule samaki wa "hakui, kaka". Huyo alishaokotwa kwenye maji ya majimbo kadhaa, mmoja hapa, mmoja pale, kila mmoja akiwa na hadithi ya tangi lililomshinda mwenyewe.

Lakini pana pengo kwenye sheria ile, na naliona kubwa kuliko suala la spishi ngapi. Ilikataza kuingiza na kusafirisha wakiwa hai. Kwa mtu ambaye tayari alikuwa naye sebuleni haikuwa na neno. Mfugaji aliyeamka asubuhi na kusikia samaki wake amepigwa marufuku alibaki palepale alipokuwa yule bwana mwaka 2000, ila sasa na hofu juu. Hofu hupeleka ndoo mtoni usiku. Miaka miwili baadaye, mwaka 2004, wafanyabiashara wa wanyama wa nyumbani na mashirika ya serikali ya Marekani wakaanzisha kampeni ya kuwaambia wafugaji wasiwaachie samaki na mimea: warudishe dukani, umpe mfugaji mwingine, umwone daktari wa mifugo. Ushauri mzuri. Ulichelewa, na kwa ninavyoijua biashara hii, unasimama au kuanguka pale kaunta, kwa muuzaji anayekubali au kukataa kupokea ndoo.

(Hata ule ukatazaji wa kusafirisha ulikuja kupunguzwa. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa mjini Washington iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na wafugaji wa nyoka, kwamba sheria hiyo ya shirikisho haizuii kusafirisha wanyama waliotajwa kati ya majimbo ya bara. Majimbo mengi yana sheria zake, kwa hiyo mlango haukubaki wazi kabisa.)

Ndoo nyingine

Aprili 2004 mvuvi mmoja alimnasa kichwa-nyoka wa kaskazini kwenye ziwa dogo la bustani ya Wheaton, Maryland, si mbali na Washington. Ziwa likakaushwa, hakupatikana mwingine. Watu hawajamaliza kushusha pumzi, Mei wakaanza kuvuliwa kwenye mto Potomac na vijito vyake. Si mmoja. Kabla mwaka haujaisha walishafika makumi.

Wengi walidhani Crofton imevuja. Wataalamu wa vinasaba wakalinganisha, na jibu likawa kwamba samaki wa Potomac hawakuwa watoto wa Crofton. Damu ya upande wa mama ilikuwa tofauti. Maana yake, mtu mwingine, asiyejulikana hadi leo, alikuwa na ndoo yake. Kamera za taifa zilipokuwa zimeelekezwa kwenye bwawa nyuma ya maduka, hakuna aliyekuwa akitazama kwingine.

Potomac si bwawa la hekta moja na nusu. Maji yake hupanda na kushuka na bahari, ni mapana, na watu hunywa kutoka sehemu zake za juu. Hakuna wa kumwaga utupa mle. Pia hakuna mtu aliyejitokeza kusema "ni mimi, walikuwa wawili, mwaka fulani." Angalia tofauti hiyo. Crofton walikuwa na mtu na tarehe. Potomac walikuwa na samaki tu. Watu wa Ziwa Victoria tunaijua hali hii kwa njia ya ua: gugu maji lilisambazwa duniani kama pambo la mabwawa ya bustani, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa linafunga mitumbwi ufukweni. Ukilikuta ziwani, muda wa kuuliza nani alilileta umeshapita.

Kutoka Potomac wakaenea kwenye mito mingi inayoingia Chesapeake. Je, utabiri wa kiama ulitimia? Kwa sehemu. Samaki wanaopendwa na wavuvi wa ndoano hawakutoweka kama ilivyohofiwa, na kwa miaka kadhaa kukawa na sauti za kusema kelele zilizidi. Kisha, mwaka 2019, ikachapishwa kazi iliyofanywa kwenye hifadhi ya Blackwater, mashariki mwa Maryland, ambako watafiti walikuwa na takwimu za kabla ya kichwa-nyoka kuingia. Spishi 21 zilipatikana mara zote mbili, kabla na baada. Kati ya hizo, 17 zilikuwa zimepungua, kwa viwango vya kuanzia asilimia 30 hadi 97. Watafiti walikuwa waangalifu wasimtwishe samaki mmoja kila kitu. Mimi nikiziona namba hizo nakumbuka kwamba vipungufu vya aina hii havionekani kwa mtu anayetazama maji kutoka juu. Maji yanang'aa vilevile.

Jina jipya

Kwa kuwa hawezi tena kuondolewa, Maryland imegeukia meno. Wavuvi wanamwinda kwa ndoano na kwa upinde, wauza samaki wanamweka sokoni, mikahawa inampika. Nyama yake ni nyeupe, imara, haina miba mingi, waliomla wanasifu. Kikwazo kilikuwa jina. Nani ataagiza sahani ya kichwa cha nyoka? Mwaka 2024 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kumbadilisha jina, na tangu Julai mwaka huo anaitwa rasmi Chesapeake Channa. Sisi tuliowahi kuona sangara wa Mwanza akiuzwa Ulaya kwa jina la kutukuza hatuwezi kushangaa.

Mnunuzi wa Maryland anampata akiwa amekufa, kwenye barafu, kwa sababu kumiliki aliye hai hakuruhusiwi, na mvuvi akimnasa anapaswa kumwua kabla ya kuondoka naye. Narudi kwenye soko lile la New York kabla ya mwaka 2000. Mle ndani samaki wawili wanauzwa wakiwa hai kwa mtu wa Maryland ambaye hakuhitaji wawe hai. Alihitaji supu. Wangefungwa kwenye barafu wakiwa wamepasuliwa, dada angepona vilevile, na jambo baya ambalo lingewapata ni kusahaulika kwenye friza.